Shels wametoka ngapi?

Drogheda, timu ya ligi ya Ireland, niliijua kabla ya kuijua Dublin. Niliijua kama mstari wa tano kwenye mkeka, mwezi wa sita, wakati ligi kubwa za Ulaya zimefungwa na kibanda umiza cha kwetu Makorora, Tanga, kimerudi kuonyesha filamu za Kihindi zilizotafsiriwa. Anayebeti anaijua hiyo miezi miwili ya njaa. England hakuna, Hispania hakuna, Italia hakuna. Zimebaki Norway, Finland, Brazil na Ireland. Ndipo unawakuta watu wazima na watoto wao nyumbani, wamekaa kwenye kijiwe cha kahawa saa nne kasorobo usiku, wanabishana kama Sligo Rovers akiwa nyumbani ni wa kuaminika. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kumwona Sligo Rovers. Hatukujua kama Sligo ni mji, ni mtaa au ni jina la mtu. Tulichojua ni kwamba wiki iliyopita alitupa, na wiki ya juzi alituua.

Kuna mkeka mmoja sitausahau. Mechi saba, sita zimetiki, ya saba ni Sligo Rovers kushinda nyumbani. Alikuwa anaongoza 1-0. Dakika za nyongeza akasawazishiwa. Shilingi elfu mbili yangu ilikuwa inakwenda kurudi laki tatu na ushee, ikapotelea huko huko. Nilisimama pale kijiweni nikautukana mji mzima nisioujua, na mvua yao, na kipa wao.

Leo nafanya kazi na mama mmoja mpishi aliyezaliwa mji huo huo, na nimeshamwomba radhi. Alicheka mpaka akalazimika kuweka mwiko chini. Kisha akaniuliza lilikuwa bao la nani, akaanza kuwatukana mabeki wa msimu ule kwa majina, mmoja mmoja, kwa hasira kuliko mimi. Yeye hakuwa na hata shilingi kwenye mechi ile.

Nilifika Dublin mwaka 2022. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, upande wa kaskazini wa mji. Kijiwe chetu ni jiko la wafanyakazi, na kahawa yetu ni chai: nyeusi kama lami, inatiwa maziwa dakika ya mwisho, na kashata hakuna, kuna biskuti. Jumamosi asubuhi zamu zinapokabidhiana ndipo baraza linakaa. Mpira wa ligi ya hapa unachezwa Ijumaa usiku, saa mbili kasorobo, kwa hiyo Jumamosi saa moja asubuhi matokeo bado yana moto.

Mbona Ijumaa? Nilipouliza nilijibiwa kwa kidole. Mama mpishi alinionyesha dirishani: kule ni Croke Park, uwanja wa watu zaidi ya elfu 80, wa michezo ya Kigaeli, yaani michezo ya asili ya Ireland, ambayo ndiyo dini ya pili ya nchi hii na inachukua Jumapili. Jumamosi inachukuliwa na England kwenye televisheni. Ligi ya nyumbani ikaokota Ijumaa iliyobaki. Hata msimu wake umehamishwa: tangu 2003 wanacheza kuanzia mwishoni mwa baridi hadi mwezi wa kumi na moja, ili timu zikienda kwenye mechi za mchujo za Ulaya mwezi wa saba ziwe zimeshapata joto la miguu. Kumbe ndiyo maana walikuwa wanatuangukia kwenye mikeka yetu ya mwezi wa sita.

Huo ugomvi na Croke Park ni wa zamani, na una visa vyake. Mwaka 1938 rais wa nchi, Douglas Hyde, alikwenda kutazama Ireland ikicheza na Poland pale Dalymount Park, ambapo ukitembea kutoka Croke Park hutoki hata jasho. Chama cha michezo ya Kigaeli kikamvua heshima ya ulezi wa chama, rais mzima, kwa kosa la kutazama "mchezo wa kigeni". Sheria ya kuwakataza wanachama michezo hiyo haikufutwa hadi 1971. Mwaka 1971! Wazee ninaowaogesha walikuwa vijana wakati huo, na wapo wanaokumbuka kuingia uwanjani wamejifunika skafu mpaka puani.

Sasa niwaonyeshe baraza lenyewe. Kuna mama mpishi, Sligo. Kuna dereva wa mikate, Bohemians, ambaye kazi yake ni kushusha mikate dakika tano na hukaa nusu saa. Kuna fundi wetu wa umeme na mabomba, Shamrock Rovers, anayechukiwa na wote kwa sababu timu yake ilibeba ubingwa mara nne mfululizo, 2020 hadi 2023. Na kuna nesi mmoja kijana, mzaliwa wa hapa hapa Dublin, Manchester United. Huyo wanamwita jina ambalo ukilitafsiri ni "mtu wa stuli ya baa": anayeshabikia timu ya ng'ambo akiwa amekalia stuli, bia mkononi, hajawahi kukanyaga uwanja. Kila Jumamosi akifungua mdomo, mama mpishi anamkumbusha kwamba Roy Keane wao alitoka Cobh Ramblers, timu ya mji wa bandari kule Cork, akaenda Nottingham Forest 1990 kabla hajawa wa United. "Mnakunywa maziwa yetu kwa glasi ya watu," anamwambia.

Mimi nilikuwa nacheka na wenzangu. Nilicheka takriban mwezi mzima kabla sijagundua kwamba stuli ile na mimi nimeikalia.

Aliyenionyesha ni mzee wa chumba cha tisa. Wafanyakazi wote tunamwita Namba Tisa, na jina anajivunia, maana ujana wake alicheza mbele, timu ya mtaa. Huku watu wazima huitwa kwa jina lao la kwanza, hata awe na miaka 84, na mtoto wa juzi anamwita hivyo hivyo. Ulimi wangu uligoma. Namba Tisa likawa suluhu: ni heshima kidogo na utani kidogo.

Jumamosi ya kwanza nilikuwa namnyoa. Nimempaka sabuni shavu lote, akafungua jicho moja.

"Shels wametoka ngapi?"

Nikasema sijui. Hata Shels ni nani nilikuwa sijui. Ni Shelbourne, timu iliyoanzishwa 1895, uwanja wao ni Tolka Park, Drumcondra, kutoka hapa ni mwendo wa basi moja. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya msikiti wa mtaani kwake akasema haijui.

"Wewe timu yako ipi?"

"Arsenal."

"Umewahi kwenda Arsenal?"

"Hapana."

"Unatoka London?"

"Natoka Tanga. Tanzania."

"Tanga hakuna timu?"

"Ipo. Coastal Union."

"Wametoka ngapi wiki hii?"

Nilibaki nimesimama na wembe mkononi, povu linamkaukia shavuni. Mimi ambaye baba alinibeba mabegani kwenye uwanja wa Coastal, Mkwakwani, nikiwa sijaanza shule. Mimi ambaye naweza kukutajia wachezaji wa akiba wa Arsenal wa miaka kumi iliyopita, mpaka yule kipa wa tatu. Wagosi wa Kaya walikuwa mabingwa wa Tanzania 1988, baba alizungumzia mwaka ule kama watu wanavyozungumzia mwaka waliooa, na mimi sikujua wiki ile wamecheza na nani.

Nikamwambia nitauliza. Usiku ule nikampigia mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, ambaye bado yuko Makorora na bado anabeti. Alidhani kuna msiba. "Coastal? Unataka matokeo ya Coastal? Mgosi, uko salama?" Jumamosi iliyofuata nikampelekea Namba Tisa matokeo, naye akanipa ya Shels, ambayo tayari nilikuwa nimeyaona kwenye simu, ila nikamwachia anipe mwenyewe. Ndivyo biashara yetu ilivyoanza. Coastal walipomaliza msimu wa 2023/24 nafasi ya nne, alinipa mkono rasmi kama balozi.

Namba Tisa ndiye aliyeniagiza Tolka. Alinipa maelekezo: nikae jukwaa la upande wa mto, nitazame nyasi za mbele ya goli la kushoto zikoje, na nisinunue baga. Nilikwenda Ijumaa moja ya mvua, mvua ile ya Dublin isiyoanguka chini bali inakuja usoni. Mto Tolka unapita nyuma ya jukwaa kweli. Mabati yamechoka, rangi nyekundu imebabuka, viti vingine vimebaki vyuma. Watu wa mstari wetu walisalimiana kwa kuulizana habari za magoti. Bwana mmoja nyuma yangu alikuwa anamtukana mshika kibendera kwa jina lake la kwanza, tena kwa upole, kama mtu anayemwonya shemeji. Nilinunua chipsi zilizomwagiwa mchuzi wa kari, zikalowa kabla sijafika kwenye kiti. Kipa alipopiga mpira mbele, nilisikia mguu ukigonga ngozi. Kwenye televisheni huusikii ule mlio. Na nilisikia beki wa kati akimwambia mwenzake "ni kosa langu". Nilikuwa sijasikia mchezaji akisema hivyo tangu Mkwakwani, ambako pia unasikia kila kitu, hasa usichotakiwa kusikia.

Nilirudi na ripoti: nyasi za kushoto ni tope. Akaridhika kabisa.

Jambo moja lililonichelewesha kuielewa ligi hii ni udogo wake. Daraja la juu lina timu 10 tu, na kila moja hukutana na mwenzake mara nne kwa msimu, jumla mechi 36. Yaani ukifungwa kwa bao la mkono mwezi wa tatu, huyo mwizi utamwona tena mwezi wa tano, wa nane na wa kumi. Maneno ya jikoni hayaishi kwa sababu deni haliishi. Dereva wa mikate na fundi wana deni la namna hiyo tangu kabla hawajazaliwa. Bohemians na Shamrock Rovers ni watani wa jadi, na siku moja kabla ya mechi yao mikate inashushwa kimya.

Utani wenyewe una sumu. Bohemians ni timu ya wanachama, iko pale Dalymount tangu 1901, na dereva ana kadi yake ya uanachama kwenye pochi, nyuma ya leseni. Anapenda kunikumbusha, kwa kuwa mimi ni Mwafrika na anadhani lazima nitafurahi (na nafurahi kweli), kwamba Bob Marley alipiga muziki uwanjani kwao Julai 1980. Timu ilitaka kuweka uso wake kwenye jezi ya ugenini ya 2019, jezi ikatangazwa, dunia nzima ikaiagiza, kisha ikabidi iondolewe kwa sababu ya haki za picha. Wakaweka ngumi iliyokunjwa badala yake. Fundi wa Rovers husema hiyo ndiyo historia ya Bohs kwa ufupi: wanatangaza, halafu wanabadilisha.

Dereva naye humjibu kwa neno moja: "Milltown." Fundi ananyamaza.

Milltown ndipo Rovers walipokuwa na uwanja wao, Glenmalure Park. Wenye timu waliuuza 1987, nyumba zikajengwa juu yake. Mechi ya mwisho pale ilikuwa na Sligo Rovers, na mashabiki walivamia uwanja kwa uchungu. Baada ya hapo timu kubwa kuliko zote nchini ilikaa miaka 22 bila kwao, ikipanga kwa majirani, hata kwa hao hao maadui, mpaka ilipopata uwanja wa Tallaght 2009. Fundi alikuwa mtoto wa darasa la tatu uwanja ulipouzwa. Baba yake aligoma kwenda kwenye mechi za nyumba ya kupanga msimu mzima. Siku moja tukibadilisha bomba la sinki aliniambia, akiwa ameinama chini ya kabati kiasi kwamba sikuuona uso wake, kwamba baba yake alifariki 2008. Mwaka mmoja. Nikampa spana.

Hizi ndizo habari zinazotoka ukiuliza tu matokeo ya jana. Mtu anasema "tumetoka sare", na usipokimbia utaambiwa mpaka ya 1987.

Na karibu kila timu ina kaburi lake. Cork City bingwa 2005, kufika 2010 kampuni yake imefungwa na mahakama, mashabiki wakaianzisha upya kwa michango yao. Drogheda, yule wa mstari wa tano, alichukua ubingwa 2007, mwaka uliofuata yuko chini ya msimamizi wa madeni. Sporting Fingal walibeba Kombe la FAI, la chama cha soka cha Ireland, 2009, na mwanzoni mwa 2011 hawapo. Monaghan United waliondoka katikati ya msimu wa 2012, wakaacha mashimo kwenye ratiba. Shels wenyewe ndio wabaya zaidi: mabingwa 2006, na kabla msimu mpya haujaanza wameshushwa daraja kwa sababu ya fedha. Namba Tisa anasema Krismasi ile alikunywa bia ya harusi na chai ya matanga kwa wiki zilizofuatana. (Alisema kwa maneno yake, mimi nimempa ya kwetu.)

Mashabiki wenyewe huiita ligi yao "ligi bora kuliko zote duniani". Wanasema hivyo taa za uwanja zikizimika, wanasema hivyo mbwa akiingia uwanjani, wanasema hivyo basi la timu likiharibika njiani. Mgeni atadhani ni kejeli tupu. Ni kejeli, ndiyo, lakini jaribu wewe kuidharau mbele yao uone. Nesi wa United aliwahi kusema kiwango ni cha mchangani. Mama mpishi alimhesabia kwa mwiko: Séamus Coleman alitoka Sligo Rovers Januari 2009 kwa pauni 60,000 tu, akawa nahodha wa Everton. Na Everton waliwahi kuwatangulizia malipo, maana Dixie Dean, aliyewafungia mabao 60 ya ligi msimu wa 1927/28, alikuja kuchezea Sligo 1939, soka lake likielekea ukingoni. Nikachomekea kwamba Everton tunawajua, walikuja Dar es Salaam 2017 wakacheza na Gor Mahia na Rooney akafunga. Mama mpishi hakuvutiwa na Rooney. Alitaka kujua Gor Mahia ni ya nani, ya tajiri au ya wanachama.

Sasa nifike kwenye usiku wenyewe, Ijumaa tarehe 1 Novemba 2024, siku ya mwisho ya msimu.

Shels walikuwa juu kwa pointi mbili. Kocha wao Damien Duff, yule winga wa Chelsea ya Mourinho, aliwakuta wametoka kupanda daraja, na sasa walikuwa mechi moja kutoka ubingwa wa kwanza tangu ule wa 2006 uliowaua. Nyuma yao ni Rovers, wakitaka wa tano mfululizo, na mabao yao ya kufunga na kufungwa yalikuwa mazuri zaidi. Maana yake Shels wakitoka sare na Rovers wakishinda, kombe linakwenda Tallaght. Na mechi ya Shels ilikuwa ugenini, Derry.

Derry nayo ina mambo. Ni mji ulio Ireland ya Kaskazini, chini ya Uingereza, hela yao ni pauni, lakini timu inacheza ligi ya Jamhuri. Waliondoka kwenye ligi ya kaskazini 1972, wakati wa vita vya mitaani, kwa kuwa timu nyingine hazikukubali kwenda uwanjani kwao Brandywell. Walikaa miaka 13 bila ligi kubwa, wakapokelewa kusini 1985. Kwa hiyo mashabiki wa Dublin wakienda Derry wanavuka mpaka wa nchi kwenda kutazama ligi ya nyumbani.

Zamu yangu ya usiku ilianza saa mbili, mpira ulianza saa mbili kasorobo. Nilipoingia chumba cha tisa alikuwa amekaa kitandani wima, redio ndogo kifuani, hakunitazama. "Sifuri sifuri," akasema. "Kaa." Nikamwambia siwezi kukaa, nina vyumba kumi na mbili. Nikawa naingia na kutoka. Dawa chumba cha pili, sifuri sifuri. Maji chumba cha sita, sifuri sifuri. Rovers wanaongoza yao. Simu mfukoni nayo inatikisika: mdogo wangu, Tanga, kule imeshapita saa sita usiku.

"Mgosi nina mkeka. Tatu zimetiki. Imebaki ya kwenu huko, Derry na Shelbourne, nimeweka X."

Sare. Ameweka sare. Nilisimama kwenye korido nikasoma mara mbili. Sare ile ingempa mtoto wa baba mdogo ada ya mtoto wake ya muhula, aliniandikia hivyo hivyo, na sare ile ile ingemrudisha mzee wa chumba cha tisa kwenye Krismasi ya 2006. Sikumjibu. Ningemjibu nini?

Dakika kama ya 83 hivi kengele ya chumba cha nne ikalia. Bibi wa chumba cha nne huanguka. Nikakimbia. Hakuwa ameanguka, alitaka tu pazia lifungwe vizuri kwa sababu mwanga wa taa ya barabarani unamwingia. Nikawa napandisha kile kishikio cha pazia, kimekwama kwenye reli, nakivuta polepole kisikatike, ndipo niliposikia sauti. Haikuwa kelele. Ilikuwa kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo, "hoo", mara moja, halafu kimya. Nilidhani ni moyo. Naapa nilidhani ni moyo wake.

Nilipofika mlangoni alikuwa ameikumbatia redio kwa mikono miwili. Machozi yanashuka kwenye makunyanzi bila yeye kuyafuta. "Wood," akasema. Harry Wood, dakika ya 85. "Usiondoke sasa. Wakusubiri." Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile, niliacha kengele ilie, sijui ya chumba gani, kama dakika mbili. Namshukuru mwenzangu wa zamu aliyeijibu.

Filimbi ilipolia aliniambia nifungue droo ya pili, chini ya soksi. Kulikuwa na skafu nyekundu na nyeupe, ya sufu, imeliwa na nondo upande mmoja. Nikamvalisha juu ya pajama. Akaniuliza kama kuna biskuti za chokoleti. Nikamletea nne, ingawa daktari kaandika mbili.

Simu: "Huyo Wood ni nani? Mgosi ameniua."

Asubuhi yake fundi alifika mapema kuliko siku zote. Alitengeneza chai vikombe viwili, akakichukua kimoja akaenda nacho chumba cha tisa bila kusema neno. Nilimwona akiwa amesimama mlangoni. Shels pointi 63, Rovers 61. "Timu yenu haifungi mabao," nilimsikia akisema. Namba Tisa, skafu shingoni, akajibu: "Moja lilitosha." Fundi akaweka kikombe mezani, akakagua swichi ya taa ambayo haikuwa na tatizo lolote, akatoka. Dereva wa mikate alipokuja kutaka kumzomea, mama mpishi alimkazia macho, akaacha.

Baadaye mambo yakarudi kama yalivyokuwa. Mwezi wa sita 2025 Duff akajiuzulu ghafla. Mwisho wa msimu ule Rovers wakachukua ubingwa wao wa 22, wakaongeza na Kombe la FAI. Fundi amerudia ubaya wake wote, na vikombe vya chai hapeleki tena.

Mimi bado ni wa Arsenal, sitaki kudanganya. Lakini Jumamosi natangulia kuangalia Shels, kisha Coastal, halafu ndio hao wengine. Mikeka niliacha, na sikuiacha kwa wema wowote. Niliacha kwa sababu siwezi tena kuweka 2, yaani mgeni ashinde, kwenye mechi ya Sligo na kesho yake nikala mayai ya mama mpishi.

Mdogo wangu hajaacha. Juzi Alhamisi usiku kaniandikia: "Mgosi kesho Sligo na Shelbourne vipi?" Nikakaa nikamwandikia vizuri. Nikamweleza kwamba mama mpishi anasema uwanja wa Sligo umelowa wiki nzima, kwamba beki wao wa kushoto ana tatizo la paja lakini halisemwi, kwamba Shels wakisafiri magharibi huwa wazito kipindi cha kwanza, na kwamba Namba Tisa ameota mtu anakosa penalti ila hakuona jezi. Nikatuma. Alama mbili za buluu zikatokea. Akaandika, akafuta, akaandika tena.

"Mgosi, sijakuuliza hadithi. 1, X au 2?"